Kamati ya harusi imenikataa kwa sababu ya kamera. Nihame Canon au nibadilishe lenzi tu?

#1 Kibatari (mleta uzi)

Wakuu habari.

Napiga harusi na sendofu hapa Morogoro, mwaka wa sita huu. Bodi yangu (kamera yenyewe) ni Canon 6D, lenzi ni zumu ya 24-105 f/4 na 50mm f/1.8 (namba ya f ikiwa ndogo, mwanga unaingia zaidi), flashi moja ya Godox. Hivyo ndivyo vilivyonilisha mpaka leo.

Wiki mbili zilizopita niliitwa kwenye kikao cha kamati nikatoe bei. Mweka hazina bei wala hakuiulizia. Aliuliza, "Unatumia Sony?" Nikamwambia Canon. Wakaangaliana na katibu. Kazi kapewa dogo mmoja ambaye mimi ndiye niliyemfundisha kushika kamera.

Ingekuwa ni hilo tu ningemeza mate nikalala. Tatizo nilifika nyumbani nikafungua picha za sendofu ya mwezi uliopita, nikazikuza. Kusema ukweli sura nyingi za ukumbini zimelegea. Binti nyusi hazisomeki, halafu kitambaa cha meza iliyo nyuma yake kimetoka kama wembe. Na chenga, zile punje punje za gizani, ndiyo usiseme.

Mkononi nina milioni mbili na nusu. Nikiuza vyote nilivyonavyo naongezea labda moja na laki nane. Niuze nihamie Sony, au nibaki hapa hapa ninunue lenzi ya f/2.8? Tatizo ni bodi, ni lenzi, au ni mimi?

#2 Kashata Mbili

Siti ya mbele. Nina kahawa.

#3 BabaTripodi

Ni wewe.

#4 DalaliMstaafu

Hama mkuu, usijitese. 6D ni ya 2012, ina pointi 11 za fokasi (vidoti vya kulengea). A7 III ya 2018 ina 693, na inashika jicho la mtu hata akicheza. Matundu mawili ya kadi, wewe unalo moja. Siku kadi ikifa na picha za ndoa ya watu ndani yake ndiyo utajua faida ya tundu la pili.

Bodi ya kutumika pamoja na Tamron 28-75 f/2.8, hela yako inakaribia. Hiyo Tamron ina gramu 550 tu, ukishinda nayo ukumbini toka saa kumi na mbili mpaka usiku wa manane shingo haikudai.

#5 Mama Sendofu

Kaka Kibatari pole. Mimi nipo kwenye kamati za harusi kuliko nilivyo jikoni kwangu, acha nikupe siri. Mweka hazina hajui Sony ni nini. Kaona Insta mpiga picha wa mjini kaandika "tunatumia Sony", akalishika hilo. Mwaka kesho watauliza drone. Mwaka juzi walikuwa wanauliza kama una koti la suti.

Nenda na albamu iliyochapwa, kubwa, iweke mezani kabla hawajafungua mdomo. Mimi tangu nianze kwenda na albamu hakuna aliyewahi kuniuliza kamera.

#6 BabaTripodi

Mama umenena. Ila albamu yake nyusi hazisomeki.

#7 Dirisha Wazi

Tumjibu mtu swali lake jamani.

Hizo pointi 11 za 6D hazifanani. Ya katikati peke yake ndiyo ya msalaba, yaani inasoma mistari ya kulala na ya kusimama, na inaona gizani mpaka EV -3, mwanga wa mbalamwezi, mwaka ule ilikuwa habari kubwa. Zile kumi za pembeni ni za mstari mmoja, gizani zinapapasa ukuta. Kibatari, unatumia pointi ipi ukumbini? Na spidi ya shata?

#8 Kibatari

@Dirisha Wazi natumia za pembeni, naweka usoni moja kwa moja. f/4, 1/60 ya sekunde, ISO (usikivu wa senza kwa mwanga) 6400. Flashi naipiga darini, ila ukumbi ule dari liko juu na limepakwa zambarau.

#9 Dirisha Wazi

Basi jibu umelitoa mwenyewe. Pointi ya pembeni, f/4, giza. Kamera imeshika kitambaa cha meza kwa sababu kina mistari myeupe na myeusi. Sura ya mtu kwenye mwanga wa zambarau haina pa kushikia.

#10 Mzuka wa Msamvu

Hapana mkuu, hapo kwenye fokasi tusikimbilie. 1/60 mtu akicheza lazima alegee. Kitambaa kimetoka kama wembe kwa sababu kitambaa hakichezi kwaito. Tofautisha picha iliyokosa fokasi na picha ya mtu anayetikisika. IS (kituliza mtikisiko) ya hiyo 24-105 inatuliza mkono wako wewe, miguu ya binti haiwezi.

#11 Dirisha Wazi

Mzuka alisema: *"kitambaa hakichezi kwaito"*

Nimecheka kwa sauti. Hoja naipokea nusu. Kibatari tupia picha tuone.

#12 Kibatari

Siwezi kutupia sura ya mtoto wa watu humu. Ila alikuwa amesimama anapokea zawadi, hachezi.

#13 Mzuka wa Msamvu

Wanaopokea zawadi nao hutikisika, hasa kama ni friji 😂

#14 Chumvini

Salaam kutoka Mombasa. Mimi naona mnazunguka. Je, lenzi yenyewe umeikagua? Ifungue kifuniko cha mbele na cha nyuma, nenda chumba chenye giza, mulika tochi ya simu upande mmoja huku ukichungulia mwingine. Ukiona nyuzi kama za buibui, hiyo ni kuvu.

Nilikuwa na 70-200 nikaiacha ndani ya begi, kabatini, msimu mzima wa masika. Nyumba iko Likoni, bahari unainusa kitandani. Nilipoitoa nikadhani ni vumbi. Fundi akaniambia hii imeshakula rangi ya kioo, hata nikiiosha alama itabaki. Picha zake zikawa na ukungu kila taa ikitazamana nayo, na ukumbini taa zote hutazamana nawe.

#15 Kibatari

Morogoro si pwani lakini.

#16 Chumvini

Mlima uko mgongoni kwenu, mvua yenu naijua. Na uliinunua mpya au ya kutumika? Ya kutumika imetoka wapi?

#17 Kibatari

Ya kutumika. Muuzaji alisema imetoka Dubai.

#18 BabaTripodi

Zote hutoka Dubai. Hata mimi nikiuza yangu itakuwa imetoka Dubai.

#19 Kashata Mbili

Kuvu si unaweka lenzi kwenye mchele?

#20 Chumvini

Mchele una unga, unga unaingia kwenye zumu, halafu kuvu anapata na chakula. Tafuta vile vipakiti vya silika, ndoo ya plastiki yenye mfuniko wa kubana, na kipimo kidogo cha unyevu. Asilimia 40 hadi 50 panatosha. Ukikausha kupita kiasi nako si kuzuri kwa grisi ya ndani.

#21 Fundi wa Vioo

Napita haraka, nina mteja. Kitu ambacho hakuna aliyekigusa: kamera za kioo cha ndani (DSLR kama 6D yako) zinapima fokasi kwa senza ndogo iliyo chini, siyo kwa ile inayopiga picha. Bodi na lenzi zisipokubaliana, fokasi inaangukia nyuma au mbele kidogo, kila mara, upande ule ule. Kitambaa cha meza ya NYUMA kutoka vizuri ndicho kilichonishtua.

6D ina sehemu ya kurekebisha hilo kwenye menyu, lenzi kwa lenzi. Weka kamera kwenye tripodi, laza rula mezani kwa mshazari, lenga namba 15 mara kumi. Kama 16 na 17 ndizo zinazosomeka, umepata jibu bure. Kamera zisizo na kioo hazina ugonjwa huu kwa sababu zinapimia kwenye senza yenyewe. Nusu ya watu wanaosema "Sony imeniokoa" waliokolewa na hilo tu, hata Canon R ingewaokoa.

#22 DalaliMstaafu

Kwa hiyo umekubali ahame.

#23 Fundi wa Vioo

Nimekubali anunue rula.

#24 Tumbatu Moja

Mie nna swali kwa Kibatari. Umeshawahi kuishika hiyo Sony unayoitamani, au unaipenda kwa kuisikia?

#25 Kibatari

Niliazima A7 III ya rafiki kwa kitchen pati moja. Sura zilishika vizuri sana, hilo sibishi. Ila picha kama sitini zilitoka na mistari myeusi imelala kama pundamilia. Nikairudisha kimya kimya nikijua nimeharibu kamera ya mtu.

#26 Tumbatu Moja

Hujaharibu kitu wallahi. Uliwasha ule upigaji usio na sauti, sivyo? Senza hapo inasoma mstari kwa mstari toka juu hadi chini. Taa za LED za ukumbini huwaka na kuzima haraka kuliko jicho, basi mistari mingine inaikuta taa imezima. Rudi kwenye shata ya kawaida. Umeme wetu ni wa hezi 50, balbu nyingi hupepesa mara 100 kwa sekunde, ukiweka 1/50 au 1/100 unashika mpepeso mzima. Lakini zile za DJ zina mpepeso wao wenyewe, huko ni kubahatisha.

Mie harusi za Unguja nimeshaamua, nduguye bibi harusi akiwasha zile za rangi namwendea namwomba azime dakika tano. Husema ndiyo, kisha hazizimi.

#27 Mama Sendofu

Tumbatu umegusa kidonda. Taa ya zambarau kwenye ngozi yetu na mekapu juu yake, binti anatoka kama bilinganya. Tena kuna hili la gauni. Kamera inapima gauni jeupe, inadhani mwanga umezidi, inapunguza, uso unazama. Ukimgeukia bwana harusi na suti nyeusi inafanya kinyume, anapauka kama kajipaka majivu. Mimi naweka flashi pembeni kwenye stendi, uso napimia mwenyewe, gauni nalipandisha kama theluthi mbili za kituo au kituo kizima (mwanga mara mbili). Hiyo haibadiliki kwa kubadilisha jina la kamera.

#28 DalaliMstaafu

Lakini rangi ya ngozi Canon wako vizuri, Sony ya zamani ilikuwa na ukijani. Hata mimi muuzaji nakubali.

#29 Dirisha Wazi

Ukipiga JPEG, sawa. Ukipiga RAW (faili ghafi) ukaweka waiti balansi (rangi ya mwanga) yako mwenyewe, rangi ni ya programu unayohariria. Nimewahi kuchanganya faili za bodi mbili kwenye albamu moja na hakuna aliyejua.

#30 Mama Sendofu

Hakuna mwanaume aliyejua.

#31 Mzee wa Negativu

Vijana shikamooni kwa niaba yangu mwenyewe, maana humu hakuna anayenisalimia.

Nilianza na Canon ya lenzi za FD, yaani aina ya mlango ambao lenzi inaingilia kwenye bodi. Mwaka 1987 Canon wakaleta EF, na lenzi za FD zikawa haziingii tena kwenye bodi mpya. Nilikuwa na tatu, nilizilipia kwa miaka. Jirani yangu wa Nikon alikaa ananicheka, mlango wake wa F ni ule ule tangu 1959. Ndipo nilipojifunza kwamba bodi ni mke wa kupita lakini lenzi ni ukoo. Kabla hujaoa uliza ukoo.

Mohamed Amin, mpiga picha wa Nairobi, alipiga njaa ya Ethiopia bila hizo pointi 693, na picha zake zikatikisa dunia.

#32 Mama Sendofu

Shikamoo mzee. Hilo la mke wa kupita tutalizungumza pembeni.

#33 Chumvini

Marahaba zije kwako mzee, shikamoo. Rekebisho dogo: kilichotikisa dunia Oktoba 1984 kilikuwa video kutoka Korem, iliyorushwa na BBC, siyo picha mnato. Ila mtu ni yeye. Na 1991 akapoteza mkono Addis Ababa ghala la silaha lilipolipuka, akarudi kazini na mkono wa bandia.

#34 Mzee wa Negativu

Marahaba. Umenisahihisha vizuri. Na mkono huo mmoja hakuulizwa na kamati anatumia nini.

#35 NikonNaMungu

Nimeona Nikon imetajwa, nimefika.

#36 BabaTripodi

Karibu. Uko peke yako?

#37 NikonNaMungu

Cheka tu. Lakini ukoo wa mzee una kona yake, nimeumia nayo, kwa kosa langu la kutosoma. Nilikuwa na 80-200 f/2.8D, chuma kitupu. Nikanunua Z6 isiyo na kioo na FTZ, adapta ya kuvalisha lenzi za zamani, nikijua mambo yote yataendelea. Lenzi za D kama hiyo yangu hazina mota ndani, zinategemea bisibisi iliyo kwenye bodi. FTZ haina bisibisi. Kwa hiyo lenzi inaingia, inapiga, lakini fokasi unazungusha kwa mkono. Harusi ya kwanza nilizungusha mpaka kidole gumba kikafa ganzi.

Kibatari, "inaingia" na "inafanya kazi" ni maneno mawili.

#38 Mzuka wa Msamvu

Hapo Canon wana afadhali. EF ukiivalisha adapta yao kwenda RF (mlango wa Canon R zisizo na kioo), fokasi inakwenda kama kawaida, nyingine hata bora kuliko zilivyokuwa nyumbani. Mleta uzi, bodi ya R6 ya kutumika pamoja na adapta, lenzi zako zinabaki, ugonjwa wa rula alioutaja Fundi unaisha, na matundu mawili ya kadi unapata. Ukikosa hela hiyo kuna RP ya 2019, lakini ina tundu moja tena.

Usidanganywe na M50 tu. Nzuri kwa vlogu, lakini lenzi zake za EF-M haziendi kwenye RF kwa adapta yoyote. Ukoo umekatika.

#39 DalaliMstaafu

Mwambieni na upande wa pili. Zumu za RF za f/2.8 ni bei ya bodaboda. Na Canon mlango wameubana: 2022 Viltrox waliambiwa waache kuuza za RF zenye fokasi ya kujiendesha, na 2024 walipofungulia Sigma na Tamron walifungulia za kropu (kamera za senza ndogo). Sony unachagua kwa Sigma, Tamron, Viltrox, unavyotaka. Fundi wa kawaida anaponea hapo.

#40 Chumvini

Lakini nasikia mlango wa Sony ni mwembamba, milimita 46, hauwezi f/1.2.

#41 Dirisha Wazi

Hiyo ilikuwa hadithi ya vijiweni. Sony walitoa 50mm f/1.2 mwaka 2021 hadithi ikafa. Kweli RF ni 54 na Nikon Z ni 55, inawapa wachora lenzi nafasi. Anayepiga picha za kupokea friji haimhusu.

#42 Dereva wa Krateni

Habari za jioni. Mimi si mpiga picha, nawaendesha. Miaka tisa Serengeti na Ngorongoro, mzungu akipiga picha mbaya lawama anaileta kwenye usukani, kwa hiyo nimejifunza.

Kiangazi vumbi ni kama unga. Mgeni anabadilisha lenzi paa likiwa wazi, gari la mbele limepita, jioni anashangaa madoa angani. Kamera zisizo na kioo senza iko mlangoni kabisa. Nimeona Canon R nyingine zinafunga pazia ukizima, nyingi nyingine hapana. Wenye akili huja na bodi mbili, moja 200-600, nyingine zumu fupi, hawafungui kitu mpaka kambini. Tripodi kwenye gari haina kazi, mfuko wa maharage juu ya paa ndiyo mpango, na mimi nazima injini.

Na kitu kimoja kinawatesa sana: saa sita mchana duma yuko mbali, joto linapanda toka ardhini, picha inachemka. Lenzi ya bei ya gari inatoa duma wa uji. Mwenye simu aliyesubiri saa kumi na moja jioni anampita.

#43 BabaTripodi

Kaka asante sana, ila sendofu ya Kibatari ina duma?

#44 Dereva wa Krateni

Sijui. Nimeona watu wanaongelea lenzi nikaingia. Halafu ndege ndogo za mbugani mzigo ni kilo 15 na begi la mkononi humo humo, msije mkasema sikuwaambia.

#45 Mzuka wa Msamvu

Turudi Morogoro. Hivi hakuna aliyeona kwamba mtu ana f/1.8 kwenye begi analalamikia giza? Toka f/4 kwenda f/1.8 mwanga unaongezeka karibu mara tano. Toka f/4 kwenda f/2.8 ni mara mbili. Anataka kutumia milioni kwa mara mbili wakati ya mara tano analala nayo.

#46 Kibatari

Hiyo 50 ukumbini inahangaika. Inakwenda mbele, inarudi nyuma, inalia kama mashine ya kunyolea. Mpaka ishike zawadi imeshapokelewa.

#47 Fundi wa Vioo

Ile nyepesi ya plastiki ya 1990, au STM ya 2015?

#48 Kibatari

Ya plastiki.

#49 Fundi wa Vioo

Basi ni mashine ya kunyolea kweli. Tafuta 85 f/1.8 USM ya zamani, haraka, kimya, na bei yake haiumizi. Hakikisha tu unaimulika tochi kama alivyosema #14.

#50 Mama Sendofu

85 kwenye ukumbi wa meza zilizobanana utarudi nyuma mpaka uangukie keki. Azime kwanza. Au kodi bodi na lenzi kwa kazi mbili, moja Sony, moja R, gharama uiweke kwenye bei ya mteja.

#51 Kibatari

Nimefanya la rula. Nimelenga 15 mara kumi. Mara sita imesomeka 16 na kidogo, mara nne iko sawa kabisa. Tochi nimemulika, kuna kitu kama uzi mmoja pembeni, sijui ni kuvu au ni unywele wangu.

#52 Dirisha Wazi

Sita kwa nne siyo lenzi iliyopinda, hiyo ni fokasi inayobahatisha. Ulitumia pointi ipi?

#53 Kibatari

Ya pembeni. Mazoea.

#54 Fundi wa Vioo

😂😂 Rudia na ya katikati. Na huo uzi usiuchokonoe.

#55 Chumvini

Ni kuvu huo.

#56 BabaTripodi

Narudia #3.

#57 Kibatari

Kesho nina ubatizo, nitatumia ya katikati na 1/125, nitaleta mrejesho. Jumamosi nimeongea na mwenye R6 anikodishe. Na yule dogo wa Sony kanipigia leo, anaomba nimsaidie kuhariri, picha zake zote zina mistari.

#58 Tumbatu Moja

Mwambie awashe sauti.

#59 Kashata Mbili

Mkuu hiyo 6D kama unaiuza bado njoo inboksi. Utaniambia tu imetoka Dubai.